Aliyeitika Kwenye Mlango wa Kwanza

Ndinda mwanangu,

Shangazi yako Syombua atafika hapa Mbotela jioni hii kuchukua sanduku lako. Barua hii nitaitia juu kabisa, kati ya koti jeupe na mashuka, ili uikute leo, kabla hujapanda basi kesho asubuhi. Amenieleza uamuzi wako. Utatoka kwake Ziwani moja kwa moja hadi stendi, hutapita nyumbani, hutamuaga mama yako. Sikuandikii ili nikukaripie. Vitu vyako vyote vimo sandukuni, sikubakiza hata kimoja humu ndani ili kikulazimishe kurudi. Hata kile kinyundo cha kupimia magoti nilichokuahidi nimekitia, kimefungwa kwenye soksi.

Mambo ya chandarua, ya kufunga mlango wa bweni na ya marafiki wa kuazima nguo, shangazi ameshakuambia kuliko ningeweza mimi. Ninataka kukuandikia juu ya somo nililolifundisha miaka yangu yote ya kazi, ambalo utakutana nalo mapema chuoni, na ambalo limetukalia nyumbani kwetu tangu mwaka jana: ile mishipa kumi na miwili ya fahamu inayotoka kwenye ubongo wenyewe, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita neva za kichwa. Nitaanza na namna ya kuzikumbuka, kwa sababu hapo ndipo mama yako anapoingia.

Nilipoanza kuwafundisha matabibu, kila mwalimu alikuwa na sentensi yake ya Kiingereza ya kushikia herufi za mwanzo za majina hayo. Sentensi zenyewe zilisimulia nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzikanyaga, na nyingine hazikufaa kusemwa mbele ya mtoto. Wanafunzi walizikariri usiku na kuzisahau asubuhi. Mimi pia nilikuwa nikizisahau, nikilazimika kuchungulia karatasi kabla ya kuingia darasani. Ulikuwa umeingia darasa la kwanza. Mama yako alikuwa akikanda unga wa chapati pale mezani, nami ninatembea huku na huku nikinung'unika.

"Una nini wewe?" akaniuliza. "Kama mtu aliyepotelewa na mbuzi."

"Ni neva. Herufi zinanikataa."

"Nipe hizo herufi."

"O tatu. T mbili. Halafu A, F, V, G, V tena, A, H."

Akaendelea kukanda. Ulikuwa umekaa chini ukifunga kamba za viatu vyako, vile vya kwanza vya shule. Akakutazama wewe, si mimi, akasema polepole, "Oga, osha, ondoka."

"Osha nini?" nikauliza.

"Kikombe chake. Si kama wewe unayekiacha mezani." Akavuta donge jingine la unga. "Tembea taratibu. Amkia fundi. Vuka gereji. Zimebaki ngapi?"

"V, A na H."

"Basi tumfikishe mtoto. Vumilia, andika, hitimu."

Hiyo ilikuwa njia yako ya kwenda shule, Ndinda. Fundi alikuwa yule mzee wa viatu mwishoni mwa laini yetu ya nyumba, aliyekuita "daktari" kwa sababu ulimuuliza kama viatu huumia vikishonwa. Gereji ilikuwa pale penye ghorofa sasa. Fundi alikufa, gereji ikabomolewa, lakini njia ile bado inapitwa kila siku na watu ambao hawajawahi kufika Mbotela. Mwaka jana mwanamume mmoja mwenye kitambi alinisimamisha sokoni akapaza sauti mbele ya watu, "Mwalimu! Vuka gereji!" Nilimfundisha akiwa kijana mwembamba. Sikumkumbuka jina, naye hakuwa amesahau hata herufi moja.

Kwa hiyo majina utayapata bila taabu. Yaseme kwa sauti, si moyoni. Yaseme kinyumenyume, kutoka hitimu hadi oga, kwa maana atakayekutahini hataanza unapopenda wewe. Muulize mwenzako akurushie namba yoyote, uitaje. Na mara moja kwa juma, mweleze mtu asiyesoma udaktari. Utakapokwama katika maelezo yako, hapo ndipo ulipokuwa hujaelewa.

Lakini sentensi inakupa majina tu, haikupi kazi. Kwa kazi, mimi niliwafundisha waione laini ya nyumba kama hii yetu ya zamani, milango kumi na miwili imepangana, kila mlango na mwenyewe. Wa kwanza anasikia harufu. Wa pili anaona. Wa tatu, wa nne na wa sita wanashirikiana kazi ya kuzungusha jicho. Wa tatu pia huinua kope, na wa sita hulivuta jicho kwenda nje. Wa tano anahisi kila kinachogusa uso, kisha anatafuna. Wa saba anacheka, anakunja paji na kufumba macho. Wa nane anasikia sauti na kumzuia mtu asiyumbe. Wa tisa na wa kumi wanaishi pamoja kooni, na huyo wa kumi hatulii nyumbani, anateremka mpaka moyoni na tumboni. Wa kumi na moja anainua mabega. Wa kumi na mbili anausukuma ulimi, na akiugua upande mmoja, ulimi unapotoka nje huinamia upande ule ule wa ugonjwa.

Kupima ni kupiga hodi kila mlango na kungoja mwenyewe aitike. Usiandike kwamba yupo eti kwa sababu umeona nguo zimeanikwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya mazoezi na mama yako kabla ya kwenda kuwaonyesha wanafunzi? Alikuwa mgonjwa msumbufu kuliko wote niliowahi kuwapima.

"Inua mabega."

"Kama nani?"

"Inua tu, mama."

"Kama Ndinda akiulizwa nani amelamba sukari?" Akainua, nawe ukainua, na mimi nikashindwa kuendelea kwa kicheko. Nikimwambia atoe ulimi, alikuwa akiutoa kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Sasa nakuja kwenye mlango wa kwanza.

Utawakuta wodini watu wazuri, wenye mikono ya ustadi, wanaoandika kwenye faili la mgonjwa kuwa neva ya pili hadi ya kumi na mbili ziko sawa. Ya kwanza hawaitaji. Ni desturi ya zamani katika kazi yetu, na sababu zake hazina ubaya: wagonjwa ni wengi, muda ni mfupi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na hii ya kwanza hupimwa na nani? Kwa wodi hakuna mtu hutembea na kahawa." Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikawapa swali lake katika mtihani, na waliokosa niliwanyima alama bila huruma.

Jibu nililotaka ni hili. Mgonjwa afumbe macho. Zibe tundu moja la pua, mnusishe kitu anachokijua kwa lingine: kahawa, karafuu, ganda la chungwa. Halafu geuza. Muulize ni nini. Na usitumie kamwe spiriti, wala dawa ya kuchua inayowasha pua. Vitu hivyo vinachoma, na mchomo ni kazi ya neva ya tano, si ya kwanza. Mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kunusa atashtuka na kurudisha kichwa nyuma ukimwekea spiriti, nawe utadhani amenusa. Umebisha mlango wa kwanza, jirani wa tano ameitika, umeridhika, umeondoka.

Hilo nililisema darasani mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu.

Wewe ulikuwepo mama yako alipoanza kuunguza chapati. Nyumbani tulinyamaza, lakini kule kwenye kibanda chake cha kuuzia chapati karibu na Jogoo Road hawakunyamaza. Vijana wa mjengo, wale wa kubeba mawe na saruji, walikuwa wakimtania. "Mathe, leo ni chapo ama ni makaa?" Zamani angewajibu kwa maneno ambayo wangeyabeba mpaka jioni. Siku niliyopita mimi, aliwatazama tu kama watu walio ng'ambo ya barabara, akageuza chapati nyeusi upande wa pili.

Kisha ikaja siku ile ya gesi. Ulirudi ukaanza kupiga kelele mlangoni.

"Mama, gesi imefunguka! Nyumba nzima!"

"Gesi gani? Usinianze."

"Mama, husikii?"

"Nasikia kelele zako."

Uliifunga gesi, ukafungua madirisha, mkagombana. Mimi nilikuja baadaye, nikamkuta amekaa kitandani. Akaniambia kwa utulivu, "Baba Ndinda, kweli sikuisikia. Siku hizi sisikii harufu yoyote." Mwanangu, mgonjwa amekuja kwa mwalimu wa neva, akamtajia neva yenyewe kwa kinywa chake. Nikafanya nini? Nikachukua kile kikopo kidogo cha dawa ya kuchua kifua kilichokuwa juu ya kabati, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, nikakifungua chini ya pua yake. Akashtuka, macho yakajaa machozi.

"Si hiyo umeisikia?" nikamwambia. "Ni mafua tu. Yataisha."

Akasema, "Inawasha."

Inawasha. Hakusema inanukia. Neno sahihi kabisa, na lilipita sikioni mwangu kama upepo. Jikoni kulikuwa na karafuu na kahawa, hatua chache tu kutoka pale tulipokaa. Mpaka leo sijapata maelezo ya kujipa isipokuwa kwamba nilikuwa nyumbani, na nyumbani nilidhani tayari ninamjua niliyekuwa namtazama.

Yaliyofuata unayajua, lakini nitayapanga kwa utaratibu, kwa sababu hujawahi kuyaona kwa utaratibu. Uliyapokea moja moja, kama makofi. Uvimbe ulikuwa umeota chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, pale pale zinapolala neva za kunusa. Si wa aina inayoenea mwilini, na hukua taratibu, na kwa hiyo ulipata nafasi ndefu. Chini ulizikandamiza neva za kwanza mpaka zikafa. Nyuma ulifikia ya pili upande wa kulia, ndiyo maana akawa anamimina chai kando ya kikombe na kujigonga kwenye mwimo wa mlango. Na juu uliusukuma ubongo wenyewe, sehemu ile inayotuambia subiri, nyamaza, mwenzako ataumia. Mtu akibanwa hapo anaweza kukaa kutwa bila kutaka chochote. Anaweza pia kusema lolote.

Ndivyo tulivyofika kwenye ile Jumamosi ya akina mama wa kanisa. Barua yako ya kukubaliwa chuoni ilikuwa imefika, nao walikuja kukuombea. Mama Kioko alikushika kichwa, akaomba vizuri, kisha akamgeukia mama yako. "Mama Ndinda, mbariki mtoto. Sema neno." Naye akacheka. Sitayaficha maneno yake kwa kuyapunguza makali. Alisema, "Mnaombea huyu? Huyu hatamaliza. Atarudi na mimba. Mimi huyu nilimzaa bure." Kisha akauliza kama chai imekwisha.

Sikukufuata ulipotoka. Nilibaki nikiwaomba wageni radhi, na ulipofika kwa shangazi yako ulifika peke yako. Picha ya kichwa ilipigwa baada ya siku ile. Nilikuletea majibu Ziwani nikidhani nimekuletea dawa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaniambia, "Baba, usinifanye nimsamehe kwa sababu ya picha. Mimi nilimwangalia machoni. Alimaanisha."

Nimekaa na maneno hayo. Nilipokuwa kijana ningekujibu papo hapo kwamba si yeye aliyesema, ni ugonjwa. Watu wengi watakuambia hivyo, nao wana nia njema. Lakini mimi sina kipimo cha kulithibitisha. Hakuna mwenye kipimo hicho. Uvimbe hautungi maneno, unaondoa mlinzi tu, na ni nini kilichokuwa nyuma ya mlinzi, hofu au dharau au takataka za akili ambazo kila mtu anazo na hazisemi, sijui. Huenda aliogopa kweli kwamba hutamaliza. Yeye mwenyewe hakumaliza shule, na sababu yake ilikuwa kaka yako ambaye hakuishi. Hilo unalijua, ila labda hukulisikia ndani ya maneno yale. Mimi nilisikia. Sisemi kwamba linatosha.

Ninachokijua ni kidogo. Nilimbishia mtu mlango mmoja, nikajibiwa kutoka mlango mwingine, nikaondoka nimetosheka, na ule muda uliopotea ndio uliolichukua jicho. Wewe pia ulijibiwa Jumamosi ile. Sikuambii ni nani aliyekujibu. Nakuambia tu kwamba mimi, kwa umri huu na kwa kazi hii, nilikosea mwitikaji nikiwa nimekaa kitanda kimoja naye.

Watamfungua fuvu wiki ijayo, wewe ukiwa umeshaanza masomo. Daktari wa upasuaji alizungumza nami kama mtu wa kazi, bila kupamba. Pua haitarudi. Jicho la kulia, hapana. Tabia yake ya zamani, labda nusu, labda pungufu. Na kuna wanaolazwa kwenye meza ile wasiamke. Ukiniuliza kama nina matumaini, nitakujibu kwamba nina mgonjwa na nina tarehe. Nimeona wengi wakienda na matumaini makubwa kuliko yetu.

Kuna jambo moja zaidi, la leo mchana, na nimesitasita kuliandika kwa sababu unaweza kudhani ninakutega.

Nilimpima. Safari hii nilianza na karafuu, tundu moja, kisha la pili. Hakuna. Nikaendelea mpaka ulimi, akautoa kwa utiifu, akaurudisha mara moja, hakuna utani. Nikamuuliza kama anakumbuka sentensi yake. Kwa muda alikuwa akitazama ukuta. Kisha akaanza, kwa sauti isiyo na rangi, "Oga, osha, ondoka. Tembea taratibu. Amkia fundi. Vuka gereji."

Akaishia hapo. Nikangoja. Nilidhani amesahau, nikafungua kinywa nimsaidie, naye akanigeukia kwa jicho lake lile moja.

"Mtoto amevuka?"

Sikukuletea hili kama ushahidi. Huenda aliyeuliza ni mama yako. Huenda ni mabaki ya sentensi tu, yanaendelea kujisema yenyewe kama redio katika nyumba iliyohamwa. Nimelifikiria mchana kutwa nikiwa nakunja nguo zako, na nimekuwa mwangalifu nisiandike nisichokipima.

Nilimjibu, "Bado."

Basi lako linaondoka saa mbili. Kutoka Ziwani unaweza kupita hapa na usichelewe, na unaweza pia usipite. Nimeshakuambia kwamba sanduku ni lako lote. Nikiona saa mbili imefika na hujaja, nitajua uko njiani, sitakulaumu, na nitakuandikia wiki ijayo kukuambia lolote litakalotokea, hata liwe nini.

Lakini ukija, usibishe hodi na kungoja. Zamani alikujua kabla hujasema neno. Alikuwa akikunusa shingoni ukitoka shule na kusema, "Leo umecheza gerejini," kwa ile harufu ya oili. Sasa hataweza. Ingia, useme, "Ni mimi, Ndinda." Na usimame upande wake wa kushoto, mwanangu. Upande wa kulia hatakuona.

Baba yako